Sunesis

Sunesis (kwa Kigiriki: σύνεσις) ni neno la Kigiriki cha kale ambalo kwa kawaida hutafsiriwa "ufahamu" au "akili". Katika Biblia linataja hasa uwezo wa kuunganisha jambo lililosikiwa au kuonwa na mambo mengine yanayojulikana tayari, hata maana yake ikadhihirika.

Katika Agano Jipya nomino hiyo inapatikana mara 7 tu (Mk 12:33, Lk 2:47, 1Kor 1:19, Efe 3:4, Kol 1:9, Kol 2:2, 2Tim 2:7). Kitenzi chake, suniemi (συνίημι), kinapatikana mara 26, na zaidi ya nusu ya hizo zimo katika Injili za Mathayo na Marko. Kuna pia vivumishi viwili: sunetos (συνετός), yaani "mwenye ufahamu", mara 4, na kinyume chake asunetos (ἀσύνετος), mara 5. Injili ya Yohane haitumii neno lolote kati ya hayo, ingawa inazungumzia sana kujua na kusadiki. Katika orodha ya maneno iliyotolewa na James Strong mwaka 1890, ambayo bado inatumiwa na wasomaji wengi wasiojua Kigiriki, sunesis ina namba 4907 na suniemi namba 4920.

Sunesis si sawa na kuwa na habari. Injili zinaonyesha watu wenye habari zote muhimu ambao hata hivyo wamekosa sunesis, na baadhi yao ni wanafunzi wa Yesu. Ndiyo sababu wafafanuzi wamejadiliana kwa muda mrefu kama kukosa ufahamu huo ni udhaifu wa akili, kosa la moyo, au jambo ambalo Mungu mwenyewe amelikusudia.

Asili ya neno

Kitenzi suniemi kimeundwa kwa sehemu mbili: sun (σύν), yaani "pamoja", na hiemi (ἵημι), yaani "kutuma", "kuachilia" au "kurusha". Kwa kufuata sehemu hizo, maana yake ni kupeleka vitu mahali pamoja, kuvikutanisha.

Maana hiyo ya kimwili inaonekana katika mashairi ya Homer. Katika kitabu cha 10 cha Odisei, Kirke anamwelekeza Odysseus njia ya kwenda kuzimu, naye anamtajia mwamba ambapo mito miwili yenye kishindo inakutana. Makutano hayo ya mito yanaitwa xunesis, umbo la kale la neno lilelile. Mwanzoni mwa Iliadi kitenzi kinatumika kwa mungu aliyewakutanisha Achilles na Agamemnon ili wagombane. Lakini katika Iliadi hiyohiyo kitenzi kina pia maana ya kusikia na kuelewa anachosema mwingine. Hivyo maana zote mbili zilikuwepo tangu maandishi ya kwanza ya Kigiriki yaliyotufikia, na haiwezekani kusema kwa hakika ni lini moja ilizaa nyingine.

Wagiriki wenyewe walijaribu kueleza asili ya neno. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Kratulo, Sokrates analihusisha na kuhesabu mambo kwa pamoja, kisha na kitenzi kingine chenye maana ya "kwenda pamoja", kana kwamba nafsi inaelewa kwa kufuatana na vitu vinavyokwenda. Ufafanuzi huo wa pili ulitokana na umbo: "kuelewa" na "kwenda pamoja" katika Kigiriki huandikwa vilevile, sunienai (συνιέναι), ingawa vitenzi vyenyewe ni viwili tofauti. Kitabu hicho kina maelezo mengi ya namna hiyo, mengine yakiwa ya mzaha.

Picha ya "kuweka pamoja" imeenea sana katika mahubiri na vitabu vya kujifunzia Biblia, kwa sehemu kutokana na kamusi fupi ya Strong, inayoanza maelezo yake na picha hiyo. Inafaa kuitumia kwa tahadhari. Mwaka 1961 mtaalamu wa Biblia James Barr alitoa kitabu kilichokosoa vikali desturi ya kupata maana ya neno la Biblia kwa kuchambua mzizi wake. Hoja yake ilikuwa kwamba maana ya neno ni ile iliyokuwa katika matumizi ya wasemaji wa wakati huo, nao mara nyingi hawakuufikiria mzizi hata kidogo. Mswahili anayesema "nimeelewa" hafikirii kwamba kitenzi hicho kimetokana na kuelea, yaani kuwa wazi. Wala anayetaja akili hakumbuki kamba ya kumfungia ngamia, ingawa neno la Kiarabu lililoleta "akili" lina uhusiano na kamba hiyo. Kwa sababu hiyo, ikiwa sunesis katika Biblia ina maana ya kuunganisha, ni lazima hilo lionekane katika sentensi zenyewe. Katika baadhi ya sentensi hizo linaonekana kweli.

Kabla ya Biblia

Katika tamthilia ya Euripides iitwayo Orestes, iliyochezwa Athene mwaka 408 KK, kijana Orestes amemuua mama yake na sasa amelala mgonjwa. Anapoulizwa ni ugonjwa gani unaomwangamiza, anajibu kwa neno moja, sunesis, halafu anaeleza kwamba anajua amefanya mambo ya kutisha. Hapo neno linakaribia kile kinachoitwa leo dhamiri. Habari ya mauaji haikuwa ngeni kwake. Kilichomwangusha ni kuona jinsi tendo lile na yeye mwenyewe vilivyoshikamana.

Aristotle alilipatia neno mahali maalumu katika kitabu cha 6 cha Maadili ya Nikomako. Anatofautisha sunesis na fronesis, yaani busara ya kutenda. Kwa maoni yake, busara inaamuru: inasema lipi lifanyike na lipi lisifanyike. Sunesis inapima tu. Inahusu mambo yaleyale ya maisha, yale yanayoweza kumtia mtu shaka na kumfanya atafute shauri, lakini inafanya kazi pale ambapo mwingine anasema na mtu anasikiliza na kuamua vizuri kuhusu yale yaliyosemwa. Kwa Aristotle basi, sunesis ni sifa ya msikilizaji, kama ya mzee wa baraza anayesikiliza maneno ya pande mbili na kutambua uzito wa kila upande, kabla hajafikia kutoa hukumu. Jambo hilo linafaa kukumbukwa wakati wa kusoma Injili, ambamo kitenzi suniemi kinakwenda sana sambamba na kusikia.

Katika Septuaginta

Wayahudi walioanza kutafsiri Torati kwa Kigiriki huko Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 KK, walilichukua neno sunesis kwa ajili ya maneno kadhaa ya Kiebrania, hasa bina (בִּינָה) na tevuna (תְּבוּנָה). Hapo kuna jambo la kushangaza kidogo. Maneno hayo mawili ya Kiebrania yana uhusiano na bein, yaani "kati ya". Mzizi wa Kiebrania unaonyesha kutenga: kuelewa ni kuona mpaka kati ya kitu na kitu. Mzizi wa Kigiriki unaonyesha kukutanisha. Hata hivyo watafsiri hawakuona tatizo lolote, nao walikuwa na haki, kwa kuwa matumizi ya maneno hayo yalilingana.

Msomaji wa Kiswahili ana ndugu wa neno hilo la Kiebrania mdomoni mwake kila siku. Kiarabu, lugha jamaa ya Kiebrania, kina mzizi uleule, na kutoka huko Kiswahili kimepata "baina ya", "bayana", "kubaini" na "kubainisha". Anayesema amebaini jambo anatumia picha ileile ya bina.

Matumizi ya sunesis katika Septuaginta ni mapana. Katika Kutoka 31:3 Mungu anamjaza fundi Besaleli roho yenye hekima, sunesis na ujuzi, ili aweze kuchora, kufua dhahabu, shaba na fedha, kukata vito na kuchonga mbao za hema la kukutania. Ufahamu huo uko mikononi mwa fundi. Katika Kumbukumbu la Torati 4:6 kushika amri za Mungu ndiyo hekima na sunesis ya Israeli mbele ya mataifa mengine. Isaya 11:2 inataja roho ya hekima na sunesis itakayokaa juu ya chipukizi la Yese, mstari ambao baadaye ulikuwa msingi wa mafundisho juu ya vipaji vya Roho Mtakatifu. Yoshua bin Sira, anayelipenda sana neno hili, anasema kwamba hekima humlisha mcha Mungu mkate wa sunesis na kumnywesha maji ya hekima (YbS 15:3).

Hata vichwa vya zaburi vinahusika. Zaburi 13 zina kichwa chenye neno la Kiebrania maskil, ambalo maana yake kamili haijulikani. Watafsiri wa Septuaginta waliliona linafanana na kitenzi cha kuelewa, wakaandika kwamba zaburi hizo ni za sunesis, au ni kwa ajili ya sunesis. Msomaji wa Kigiriki alipofungua Zaburi 32, ambayo katika hesabu ya Septuaginta ni ya 31, aliambiwa tangu mwanzo kwamba ni wimbo wa ufahamu.

Mstari uliokuja kuwa na athari kubwa kuliko yote ni Isaya 6:9-10, ambapo nabii anatumwa kwa watu watakaosikia bila kuelewa. Katika Kiebrania Mungu anamwamuru nabii aufanye mzito moyo wa watu hao. Katika Septuaginta amri hiyo haipo. Mstari unasema tu kwamba moyo wao umekwisha kuwa mzito. Tofauti ni ndogo kwa maandishi, lakini inabadilisha swali la nani anayehusika na ukosefu wa ufahamu.

Katika Injili

Injili ya Marko inatumia mstari huo wa Isaya mara Yesu anapoulizwa kuhusu mifano yake (Mk 4:12). Kwa wale walio nje, yote yanatolewa kwa mifano "ili" wasikie na wasielewe. Mathayo, akisimulia habari ileile, anaandika "kwa sababu": Yesu anasema kwa mifano kwa sababu wao wanasikia bila kuelewa (Math 13:13). Kwa kubadili kiunganishi kimoja, hina (ἵνα) kuwa hoti (ὅτι), Mathayo anahamisha uzito kutoka kusudi la Mungu kwenda hali ya wasikilizaji. Wafafanuzi wengine wanaona kwamba "ili" ya Marko inataja matokeo tu, au utimilifu wa unabii. Wengine wanaiacha na ukali wake. Andiko lenyewe halimalizi ubishi huo.

Lakini Marko hawaachi walio ndani wajione salama. Baada ya Yesu kutembea juu ya maji, wanafunzi wanashangaa kupita kiasi, na mwinjili anatoa sababu isiyotarajiwa: hawakuwa wameelewa habari ya mikate, bali moyo wao ulikuwa mgumu (Mk 6:52). Mikate ina uhusiano gani na mawimbi? Hilo ndilo hasa ambalo hawakuweza kuliunganisha.

Sura mbili baadaye jambo hilo linafika kileleni (Mk 8:14-21). Wanafunzi wako mashuani na mkate mmoja tu, nao wanahangaika kwa sababu hawana mikate. Yesu anawauliza, alipoimega mikate mitano kwa watu elfu tano, walikusanya vikapu vingapi vya vipande? Wanajibu 12. Na ile saba kwa watu elfu nne? Wanajibu 7. Majibu yote mawili ni sahihi. Wanakumbuka hesabu bila kosa, hata aina za vikapu zinatofautishwa katika Kigiriki: kofinos katika tukio la kwanza, spuris katika la pili. Kisha Yesu anawauliza kama bado hawajaelewa, kwa kitenzi suniemi, na simulizi linakatika hapo bila jibu. Hakuna mahali pengine katika Biblia panapoonyesha wazi zaidi kwamba sunesis ni kitu kingine kuliko kumbukumbu. Namba wanazo, lakini hawajaziweka kando ya yule aliyekaa nao mashuani. Mara moja linafuata tukio la kipofu wa Bethsaida, anayeponywa kwa hatua mbili: kwanza anaona watu kama miti inayotembea, halafu anaona sawasawa (Mk 8:22-26). Wafafanuzi wengi wanaliona kama picha ya wanafunzi wenyewe.

Nomino sunesis katika Marko inatoka kinywani mwa mtu mmoja tu, naye si mwanafunzi. Ni mwandishi wa sheria anayemuuliza Yesu amri iliyo ya kwanza (Mk 12:28-34). Yesu anajibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:5, ambayo yanadai kumpenda Mungu kwa mambo matatu: moyo, nafsi na nguvu. Katika Marko, hata hivyo, Yesu anataja manne, akiongeza dianoia, yaani akili inayofikiri. Mwandishi anakubali na kurudia jibu, lakini kwa namna yake: moyo, sunesis na nguvu. Mahali pa dianoia ameweka sunesis, na nafsi ameiacha, ingawa nakala nyingi za baadaye zimeirudisha. Tena anaongeza jambo ambalo Yesu hakulitaja: kwamba upendo huo unapita sadaka zote za kuteketezwa. Yaani ameiunganisha amri hiyo na ibada ya hekaluni, huku akiwa amesimama ndani ya hekalu lenyewe. Yesu anaona kwamba amejibu nunekhos (νουνεχῶς), kwa akili, neno ambalo halipatikani pengine katika Agano Jipya, akamwambia hayuko mbali na ufalme wa Mungu. Sunesis inaonekana hapa ikifanya kazi yake yote: mtu amesikia, amelinganisha, na amefika mahali ambapo aliyesema hakumpeleka kwa maneno.

Mathayo analijenga neno ndani ya mfano wa mpanzi. Kwake, mbegu iliyoanguka njiani ni mtu anayesikia neno asilielewe, na udongo mzuri ni anayelisikia na kulielewa (Math 13:19, 23). Mahali hapo pa mwisho Marko ana "kulipokea" na Luka ana "kulishika" (Mk 4:20, Lk 8:15). Mwishoni mwa mifano Yesu anawauliza wanafunzi kama wameelewa yote, nao wanasema ndiyo (Math 13:51). Wanafunzi wa Mathayo ni wepesi wa kuelewa kuliko wale wa Marko. Ni mojawapo kati ya tofauti zinazojulikana sana baina ya Injili hizo mbili.

Luka anatumia nomino mara moja, katika habari za Yesu mwenye umri wa miaka 12 hekaluni. Wote wanaomsikia wanashangazwa na sunesis yake na majibu yake (Lk 2:47), na mistari mitatu baadaye wazazi wake hawakuelewa, kwa kitenzi kilekile, neno alilowaambia (Lk 2:50). Mwishoni mwa Injili hiyo Yesu mfufuka anazifungua akili za wanafunzi wapate kuyaelewa Maandiko (Lk 24:45). Kitabu cha pili cha Luka, Matendo ya Mitume, kinaishia Roma kwa Paulo kuutaja tena ule mstari wa Isaya juu ya wanaosikia bila kuelewa (Mdo 28:26-27).

Katika nyaraka za Paulo

Paulo analijua neno katika pande zake zote mbili. Katika 1Kor 1:19 anatumia Isaya 29:14 kuonyesha kwamba Mungu anaibatilisha sunesis ya wenye kujiona wanayo. Hapo anafanana na Yesu anayemshukuru Baba kwa kuwaficha mambo yake wenye hekima na sunetoi na kuwafunulia wadogo (Math 11:25). Lakini kivumishi hicho si tusi: liwali Sergio Paulo wa Kupro anaitwa sunetos kwa sifa, kwa kuwa alitaka kulisikia neno la Mungu (Mdo 13:7).

Kwa upande mwingine, asunetos katika Waraka kwa Waroma ni neno la lawama. Watu waliomjua Mungu bila kumtukuza, moyo wao usio na ufahamu ulitiwa giza (Rom 1:21), na katika orodha ya maovu asunetous inafuatwa na asunthetous, "wasioshika mapatano" (Rom 1:31), maneno mawili yanayofanana kwa sauti ili yakae masikioni. Inafaa kuangalia kwamba kiungo kinachotajwa ni moyo. Katika Biblia moyo ndio unaofikiri na kuamua, hivyo ugumu wa moyo na ukosefu wa ufahamu ni karibu kitu kimoja.

Katika Waraka kwa Wakolosai neno linapatikana mara mbili. Mwandishi anawaombea waamini wajazwe ujuzi wa mapenzi ya Mungu katika hekima yote na sunesis ya kiroho (Kol 1:9), maneno yanayokumbusha yale yaliyosemwa juu ya Besaleli. Halafu anataka waunganishwe katika upendo hata wapate utajiri wa uhakika wa sunesis (Kol 2:2). Kitenzi alichotumia hapo kwa kuunganishwa, sumbibazo (συμβιβάζω), kina pia maana ya kuthibitisha kwa hoja na kufundisha. Ndivyo kinavyotumika kwa Paulo anayejadiliana na Wayahudi wa Damasko (Mdo 9:22). Hivyo katika mstari huo kuunganika kwa watu na kuunganika kwa mawazo vinakaribiana sana.

Tukio la mwisho ni 2Tim 2:7. Timotheo amepewa mifano mitatu mifupi, ya askari, ya mwanamichezo na ya mkulima, bila kuelezwa inahusu nini hasa. Anaambiwa ayatafakari hayo, kwa kuwa Bwana atampa sunesis katika yote. Kutafakari ni kazi ya Timotheo. Ufahamu ni zawadi. Waraka hauoni mgongano kati ya hayo mawili.

Katika tafsiri

Katika Vulgata ya Kilatini, sunesis ni mahali pengine intellectus (Mk 12:33; Kol 1:9) na pengine prudentia (Lk 2:47; 1Kor 1:19; Efe 3:4). Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba intellectus inatokana na "kusoma ndani", naye akakijadili kipaji hicho cha Roho Mtakatifu katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae. Katika kitabu hichohicho alizungumzia sunesis ya Aristotle mahali pengine kabisa, chini ya fadhila ya busara, akiliacha neno la Kigiriki bila kulitafsiri. Kwa hiyo msomaji wa Kilatini alikutana nalo mara mbili, katika mavazi mawili tofauti.

Jambo la namna hiyo limetokea katika Kiswahili. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ina "ufahamu" katika Mk 12:33, Efe 3:4 na Kol 1:9, lakini "akili" katika 1Kor 1:19 na 2Tim 2:7. Katika mstari huo wa mwisho kitenzi "fahamu" kimetumika kwa neno lingine la Kigiriki, noeo, yaani kutafakari. Anayefuatilia neno "fahamu" katika Biblia ya Kiswahili hatafika kwenye sunesis kila mara, na pengine atafika kwenye neno ambalo si lake. Katika Lk 2:47 tafsiri hiyo inasema juu ya "fahamu" za mtoto Yesu. Kwa masikio ya leo, yaliyozoea kusikia kwamba mgonjwa amepoteza fahamu, neno linaelekea kwenye kuzinduka zaidi kuliko kuelewa. Vilevile Wakatoliki wanapotaja vipaji saba vya Roho Mtakatifu kwa Kiswahili, cha pili ni "akili", wakati Isaya 11:2 katika Union Version ina "ufahamu". Ni kipaji kilekile.

Katika sarufi

Wanasarufi wanatumia neno sunesis kwa upatanisho unaofuata maana badala ya umbo la neno. Kwa mfano, katika Yoh 6:2 umati, ambao ni umoja, unamfuata Yesu kwa kitenzi cha umoja, na papo hapo kitenzi kinachofuata ni cha wingi, kwa kuwa mwandishi amekwisha kuwafikiria watu mmojammoja. Kiswahili kinafanya hivyo daima kwa viumbe hai: kiboko, ingawa umbo lake ni la kitabu na kiti, "anaoga", wala si "kinaoga", na kipofu wa Bethsaida, kwa Kiswahili, "alipona".